Chungu cha Dawa ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa wifi yako, na kwa wanao wawili ambao kila siku wananiuliza shangazi atakuja lini. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" makusudi, maana mengine yote hayajatulia, na aliyevurugika kuliko wote ni mimi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji naye mzima, na zaidi ya yote natumaini Mama sasa anaweza kuketi kitandani bila kushikwa, kama shemeji alivyonieleza juzi. Anakula? Mguu alioumia alipoanguka umepungua uvimbe? Anauliza habari zangu, au mmekubaliana kwamba nisitajwe?

Simu zangu hupokei, na ni haki yako. Siku ya kwanza nilikasirika, siku ya pili nikanung'unika, siku ya tatu nikajiuliza kama ningekuwa wewe ningepokea. Nisingepokea. Tena bora hukupokea, maana ningeanza kujitetea kabla hata ya salamu. Wanijua, hukuniita Kidomo bure tangu sijaota meno ya mbele. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta, na hapa nilipofika tayari nimefuta mistari minne.

Nakuandikia nikiwa kazini, juu ya paa la jengo la ghorofa sita. Nimekalia ndoo niliyoipindua, karatasi iko juu ya kisanduku cha spana, na jua linanipiga kisogoni. Pembeni yangu kuna mashine inanguruma, na kila baada ya nusu saa lazima niinuke niihamishe. Kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika, au habari inarukaruka, ujue nimeinuka nikarudi. Habari za mashine hiyo nitakueleza. Si sasa.

Nianzie kwenye barua yako ya miezi mitatu iliyopita. Ulinieleza kwamba vidonge vya sukari vimeshindwa, daktari amemwanzishia Mama sindano asubuhi na jioni, na chupa za dawa zinataka kukaa kwenye ubaridi. Ukaniambia kwamba kila siku unavuka barabara mara mbili kwenda kwenye jokofu la mwenye duka, na mwenye duka mwenyewe anafunga anapojisikia. Uliniomba kitu kimoja tu, jokofu dogo la kuweka kando ya kitanda cha Mama. Ukanitania kwamba haiwezekani mama wa fundi wa majokofu akose jokofu. Nami nikakujibu kwa mahubiri ya kurasa mbili.

Ili uelewe kichwa changu kilikuwa wapi, lazima nikurudishe mwaka jana. Kwenye jengo hili hili, ambako kampuni yetu inatunza viyoyozi, wenye ofisi walimleta mwanamke mmoja kutufundisha habari za joto la dunia. Sisi tulimwita Mwalimu. Alizungumza vizuri, hakutisha watu. Alisema kila mtu ana moshi wake angani, hata kama hauoni, kutokana na anavyokula, anavyosafiri na umeme anaotumia. Kisha akatugawia fomu kila mtu ajipime. Fomu ikaniuliza nyama nala mara ngapi kwa wiki. Nyama, akija mgeni. Ikaniuliza nina gari, nina mashine ya kufulia, nimepanda ndege mara ngapi mwaka huu. Ndege, Dada! Mimi ambaye ndege naijua kwa tumbo lake tu.

Walipojumlisha, kati ya watu sitini, wakubwa kwa wafagizi, aliyekuwa na moshi mdogo kuliko wote ni mimi. Mfagizi mmoja alinikaribia sana, akaangushwa na mabasi mawili anayopanda kuja kazini. Kwa maneno mengine nilishinda kwa sababu sina kitu. Mtu mwenye akili zake angecheka akaenda nyumbani. Mimi nilipewa cheti chenye fremu, nikapigwa picha nimekishika, picha ikabandikwa pale mapokezi, na kuanzia siku hiyo mafundi wenzangu wakaanza kuniita Bwana Hewa. Wao walikuwa wananitania. Mimi nikadhani nimepandishwa cheo.

Picha nyingine, kama unavyojua, nilimtumia Mama. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kaibandika ukutani, juu ya kichwa cha kitanda.

Basi cheo nikakihamishia nyumbani. Pasi nikaifungia kabatini, sare za watoto zikawa zinalaliwa chini ya godoro, na mwanao mdogo akaenda shule na mkunjo katikati ya mgongo kama bahasha. Jokofu letu nikalichomoa, maziwa yakachacha, na wifi yako akaligeuza kabati la sufuria. Taa ya nyumba nzima ikawa moja. Mtu akifungua bomba nasimama mlangoni nakohoa mpaka alifunge. Wifi yako, unamjua si mtu wa maneno mengi, alivumilia kama miezi miwili, kisha siku moja tukiwa mezani akaniuliza kwa upole ni lini tutaanza kupangiana zamu za kupumua. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilinuna siku mbili.

Nimeinuka, nimerudi. Bado viko viyoyozi kumi na vinne.

Usinielewe vibaya, Dada, sisemi yale mambo ni upuuzi. Joto mnaliona wenyewe huko, mvua haijui tena mwezi wake, na Mwalimu hakutudanganya. Ninachosema ni kwamba mimi nililipenda lile neno "safi" kuliko nilivyoipenda hewa yenyewe. Nilikuwa nikipita pale mapokezi najitazama. Kuna wakati nilijifanya nafunga kamba za viatu ili nipate sababu ya kuinama mbele ya picha yangu. Aibu gani hii, mtu mzima na ndevu zake.

Kwa hiyo barua yako iliponifikia nikaona nimepata mtihani wa kudhihirisha usafi wangu. Nikakuandikia kwamba kama kila mtoto atamnunulia mama yake jokofu, dunia itaungua. Nikakuandikia kwamba wazee wetu waliishi na vyungu. Nikakuchorea na picha kabisa, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kilicholowa juu. Na nikamalizia, nakumbuka neno kwa neno, kwamba Mama asiwe sehemu ya tatizo. Jamani! Mama huyu ambaye maji aliyooshea mboga anamwagilia miche, ambaye gauni likichakaa linakuwa foronya, foronya ikichakaa inakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Ndiye niliyemhubiria matumizi.

Wewe ulikasirika, ukanijibu mistari mitatu tu, na hukunificha kwamba shemeji alishapata jokofu la mtumba, akalifikisha mpaka mlangoni kwa mkokoteni, na Mama akalirudisha. Alisema mwanawe ni fundi wa baridi na anajua anachosema. Akatafuta vyungu, akachota mchanga mwenyewe, akakaa pale anamwagia maji kwa kikombe, kila saa, kama nilivyoandika. Niliposoma hivyo, Dada, nilifurahi. Nisikufiche, nilifurahi sana, nikawasomea na wenzangu pale karakana.

Wiki iliyopita ndipo shemeji akanipigia. Kwamba wewe ulikuwa umekwenda kwa wakwe siku nne, kwamba joto lilikuwa kali, kwamba Mama aliendelea kujidunga kila asubuhi na jioni bila kukosa, na dawa ilikwisha kuharibika siku nyingi chunguni. Alikuwa anajidunga maji. Akaanguka bombani na ndoo yake, jirani akamkuta hajitambui. Shemeji akaniambia kwamba daktari aliposhika zile chupa aliuliza zilikuwa zinawekwa wapi, na Mama, akiwa hata sauti haijamtoka vizuri, akamjibu kwa fahari kwamba mwanawe ndiye aliyechora.

Hapo nimeinuka kwa muda mrefu kuliko nusu saa. Nilikwenda mpaka ukingo wa paa nikarudi, nikazunguka mashine, nikakaza vali ambayo ilishakazwa. Haya, sasa niseme.

Kazi yangu unaijua kwa jina, huijui kwa ndani. Kiyoyozi kina gesi ndani yake, ndiyo inayoleta baridi. Unapokiondoa kiyoyozi cha zamani, gesi ile hairuhusiwi kutoka. Inatakiwa uifunge kwenye mashine maalumu, iivute taratibu mpaka iingie kwenye mtungi, nusu saa nzima kwa kiyoyozi kimoja. Njia nyingine ni kufungua vali kwa spana ukaenda kunywa chai. Inafanya fyuuu dakika mbili tatu, kwisha. Karakana yetu tuna jina la jambo hilo, tunasema kiyoyozi tumekipa ruhusa. Tumekuwa tukivipa ruhusa miaka mitatu, kwa sababu mashine yetu ya kuvutia gesi ni mbovu. Iko kwenye rafu ya chini, ina kikaratasi kimefungwa kwa waya kimeandikwa MBOVU kwa herufi kubwa, na fundi yeyote mpya akiiulizia anaoneshwa kikaratasi.

Ile barua ya mahubiri niliiandika Jumapili. Jumatatu yake tulianza kuondoa viyoyozi arobaini kwenye ghorofa za chini za jengo hili. Vilikuwa vinafanya kazi, ila mwenye jengo aliona rangi imepauka. Nikavipa ruhusa vyote arobaini, mimi na spana yangu, siku mbili. Siku ya pili nilipita mapokezi nikajisalimia ukutani.

Kisha Mwalimu akarudi kuona tunaendeleaje. Nilimfuata kwenye ngazi nikamuuliza, kwa niaba ya fundi mmoja ninayemjua, je, ile gesi ya viyoyozi nayo ina moshi? Akaitazama spana mkononi mwangu. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba kilo moja ya gesi ile inapasha dunia joto kama tani mbili hivi za moshi. Nikamwambia huyo fundi ameachia kama kilo sitini. Akapiga hesabu kwenye simu yake, tani mia moja na ishirini. Nikamuuliza jokofu dogo je, la mgonjwa, linalokaa kando ya kitanda? Akasema kwa mwaka mzima halifiki hata sehemu ya kumi ya tani, na kwamba yeye hajawahi kumwambia mtu amnyime mgonjwa jokofu. Fomu yake iliuliza tunachokula na tunachopanda, akasema, haikuuliza mikono yetu inafanya nini kazini, na hilo ni kosa lake. Akaomba radhi. Yeye aliniomba radhi mimi, Dada! Nikashuka ngazi napiga hesabu. Kwa siku mbili nilikuwa nimetumia jokofu la Mama miaka elfu moja na mia mbili.

Ungesema hapo nikakimbia kukuandikia. Sikukimbia. Mwalimu alinieleza hayo siku tisa kabla Mama hajaanguka. Siku tisa nilizijua hizo hesabu, jokofu langu mwenyewe liko jikoni limejaa sufuria, na sikusema kitu, kwa sababu kulituma kungekuwa ni kuubandua uso wangu pale mapokezi. Nilijiambia wa kulaumiwa ni mwenye jengo na rangi yake. Nilijiambia ni bosi na mashine yake mbovu. Nilijiambia ni matajiri wenye ndege. Pengine wote wamo, sibishi. Lakini spana ilikuwa mkononi mwangu.

Na mashine haikuwa mbovu.

Kikaratasi kile ni mwandiko wangu. Miaka mitatu iliyopita mgongo ulikuwa unaniuma, mashine ni nzito, lifti ilikuwa haifanyi kazi, na tulikuwa na kazi ghorofa ya tano. Nikaandika MBOVU nikakifunga kwa waya, nikiwaza nitakitoa kesho. Kesho ikaja, kazi ikawa nyepesi, tukawa tunawahi kurudi nyumbani, wenzangu wakafurahi. Hakuna aliyeifungua kuitazama. Karakana nzima ya mafundi, watu wanaofungua vitu vya wenzao kutwa, hakuna aliyefungua chake. Wakaamini karatasi kwa sababu aliyeiandika ni mimi.

Na chungu je? Dada, mimi ni fundi wa baridi. Chungu kinapoza pale hewa ilipo kavu. Kwa Mama hewa imejaa unyevu, nguo ukianika asubuhi mpaka jioni bado mbichi, tumekua humo wewe na mimi. Nilipokuwa nachora ile picha nilijua. Nilijua kwamba haitapoza dawa inavyotakiwa, nikaichora vizuri, nikaiwekea na mishale. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata wifi yako. Nimekuandikia wewe kwanza, na sasa hivi nimeikandamiza kalamu mpaka imetoboa karatasi, ni hapo unapopaona.

Jana nimekikata kile kikaratasi. Mashine ilitaka kufutwa vumbi tu, ikawaka mara ya kwanza. Nikamwambia bosi ukweli wote. Alitazama dirishani, kisha akasema miaka mitatu amekuwa akiwaapia wateja kwamba kampuni inasubiri kipuri. Akasema nimalize paa hili, halafu tutazungumza. Sijui tutazungumza nini. Nimeibeba begani ghorofa sita ingawa lifti siku hizi inafanya kazi, ujinga wangu tu, na ndiyo hii inayonguruma hapa tangu asubuhi. Bado viko viyoyozi tisa. Gesi iliyokwisha kutoka hakuna mashine ya kuirudisha, nimemuuliza Mwalimu.

Jumamosi nakuja na jokofu. Wifi yako ametoa sufuria zake, amelisugua mpaka ndani ya mpira wa mlango, amelifunga kamba mwenyewe, akaniambia nisije nikadhani ananipa mimi, anampa mkwewe. Nimelipima siku mbili, linashika ubaridi barabara. Mpaka nifike, chupa mpya zipeleke kwa mwenye duka, mwombe kwa jina la Mungu asifunge mapema. Chungu usikiamini hata saa moja. Usikivunje pia, mwekeeni Mama maji ya kunywa.

Ombi langu ni moja. Mama usimweleze, nitamweleza mwenyewe. Picha yangu iache pale ukutani, nataka niibandue mbele yake anaponiona. Najua atakachofanya, na wewe unajua. Atanishika kichwa, atasema mwanangu hakukusudia, atasema huenda ni yeye aliyesahau kumwagia mchanga maji. Dada, akianza kunitetea, tafadhali wewe usinyamaze. Mwambie nilijua.

Nisalimie shemeji, mwambie ahsante kwa simu yake, na kwa lile jokofu lililorudishwa mlangoni namwomba radhi nitakapofika. Wapwa zangu wadogo wabusu vichwani. Wewe usinijibu, sistahili jibu bado, ila kama utakuja kituoni Jumamosi nitashukuru, maana jokofu ni zito na mgongo wangu ndio ule ule.

Ni mimi mdogo wako,

Kidomo

Mashine imezima yenyewe sasa hivi. Mtungi umejaa. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mitatu naushika ukiwa umejaa, na hutaamini, Dada, ulivyo mzito.